Sura ya Nne: Mlio Mmoja Mfupi

Aliyewasha IBM PC mwaka 1981 hakuona nembo wala picha. Alisukuma swichi kubwa nyekundu iliyokuwa ubavuni kulia, karibu na nyuma, feni ikaanza kuvuma, na kistari kidogo kikawa kinametameta kwenye kona ya skrini tupu. Kisha akangoja. Kadiri mashine ilivyokuwa na kumbukumbu nyingi, ndivyo alivyongoja zaidi. Mwishowe spika ndogo iliyomo ndani ya kasha ikalia mara moja, kwa kifupi, na draivu ya flopi ikaguruma.

Mlio ule ulikuwa salamu: nimejipima, sina neno, tuanze kazi. Na kama mashine ilikuwa na neno, ililisema. Mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi ulielekeza kwenye kadi ya skrini. Mlio usiokatika ulielekeza kwenye umeme. Skrini ikiwaka, zilitokea namba: 201 kwa kumbukumbu, 301 kwa kibodi, 601 kwa draivu ya flopi. Modeli ya XT ilipotoka Machi 1983 ikiwa na diski ngumu ya megabaiti 10, orodha iliongezeka 1701, namba iliyowatia watu jasho, kwa kuwa kazi yao yote sasa ilikaa ndani ya diski ile.

Sura hii inahusu namna watu walivyotafuta ubovu katika kompyuta binafsi za mwanzo. Ninadai kwamba mwalimu bora wa kazi hiyo alikuwa ndani ya mashine yenyewe, katika mpangilio wa vipimo ilivyojifanyia kabla ya kulia ule mlio. Anayeuelewa mpangilio ule anaweza kutafuta ubovu wa kifaa chochote, hata kile ambacho hajawahi kukifungua.

Jinsi mashine ilivyojipima

IBM PC ilitangazwa tarehe 12 Agosti 1981. Iliundwa Boca Raton, Florida, na kikosi kidogo kilichoongozwa na Don Estridge. Kichakataji chake kilikuwa Intel 8088 chenye kasi ya megahezi 4.77, na bei ya modeli ya chini kabisa, yenye kilobaiti 16 za kumbukumbu, ilikuwa dola 1,565. Kwenye bodi mama palikuwa na chipu yenye programu ya kudumu iitwayo BIOS, ya kilobaiti 8 tu, iliyoandikwa na mhandisi David Bradley. Hiyo ndiyo iliyoamka kwanza kila swichi iliposukumwa.

Hatua ya kwanza ya BIOS ilikuwa kukipima kichakataji chenyewe. Kikishindwa, mashine ilisimama papo hapo bila kusema lolote, maana hakuna ushahidi unaoweza kupokelewa kutoka kwa kichakataji kibovu. Kikifaulu, kilipewa kazi ya kuikagua BIOS: kujumlisha baiti zake zote 8,192 na kuona kama jumla inafunga kwenye sifuri kama ilivyopangwa kiwandani. Baada ya hapo vilifuata vipande vya bodi mama, na kilobaiti 16 za kwanza za kumbukumbu. Ndipo ikaja zamu ya kadi ya skrini, kumbukumbu iliyobaki, kibodi, na mwisho draivu ya flopi.

Tazama mpangilio huo kwa makini. Kila hatua ilitegemea tu vitu vilivyokwisha kupimwa. Kumbukumbu haikupimwa na kichakataji ambacho hakijathibitishwa. Ujumbe haukuandikwa kwenye skrini kabla kadi ya skrini haijakaguliwa. Kibodi haikuulizwa chochote mpaka waulizaji wote wawe wamethibitika kuwa wazima. Kanuni ni moja: usitumie kisichopimwa kukipima kingine.

Tunayajua haya kwa undani kwa sababu IBM ilichapisha kitabu cha kiufundi chenye michoro ya saketi na maandishi kamili ya BIOS, mstari kwa mstari. Fundi yeyote aliyekinunua aliweza kukisoma usiku, na asubuhi akajua mashine ilikuwa inafanya nini ilipokwama.

Namba iliyoonyesha chipu moja

Ubovu wa kumbukumbu ni mfano mzuri wa kile mashine ile iliweza kusema. Bodi mama ya mwanzo ilichukua hadi kilobaiti 64, katika safu nne za chipu, kila safu chipu tisa. Nane zilishika biti nane za kila baiti. Ya tisa ilikuwa shahidi: ilishika biti ya ziada iliyofanya idadi ya tarakimu 1 katika kila baiti, pamoja na biti hiyo, iwe witiri daima. Baiti iliposomwa na hesabu isikubaliane na shahidi, mashine ilisimama na kuandika PARITY CHECK 1 kama kosa lilikuwa kwenye bodi mama, au PARITY CHECK 2 kama lilikuwa kwenye kadi ya nyongeza. Watumiaji walikasirika kupoteza kazi yao ghafla, lakini mashine ilikuwa na haki. Mficha maradhi kifo humuumbua. Heri hesabu za mshahara zisimame kuliko ziendelee na tarakimu za uongo.

Kosa lilipogunduliwa wakati wa kujipima, namba 201 ilitanguliwa na herufi nne. Mbili za kwanza zilitaja safu: 04 ni safu ya pili, 08 ya tatu, 0C ya nne. Mbili za pili zilitaja biti: 01, 02, 04, 08, 10, 20, 40 na 80 kwa biti ya kwanza hadi ya nane, na 00 kwa chipu ile ya shahidi. Basi aliyeona 0420 201 alijua kwamba mgonjwa ni chipu ya biti ya sita kwenye safu ya pili. Kati ya chipu 36, alitoa moja. Safu ya kwanza ilikuwa imechomelewa kwenye bodi, lakini tatu zilizofuata zilikaa kwenye soketi, kwa hiyo kazi ilihitaji bisibisi ndogo na mkono uliotulia.

Hata hivyo namba haikuwa hukumu ya mwisho. Kwenye bodi mama palikuwa na vikundi viwili vya swichi ndogo, nane nane, vilivyoiambia BIOS kuna kumbukumbu kiasi gani, skrini ya aina gani, draivu ngapi. Mtu alipozipanga kwa kumbukumbu kubwa kuliko iliyokuwepo, mashine ilikwenda kuipima kumbukumbu isiyokuwepo, ikaikosa, ikalalamika 201. Mwenye haraka alinunua chipu mpya. Mwenye subira aliangalia swichi kwanza, kwa sababu swichi ndizo zilizomweleza mpimaji apime nini. Kanuni ni ileile: maelezo ambayo hayajahakikiwa nayo ni kitu kisichopimwa.

Ukimya nao ni jibu

Mashine isiyosema kitu ilionekana kuwa tatizo gumu kuliko zote. Kumbe ukimya ulipunguza njia badala ya kuziongeza. Kama feni haikuzunguka, maswali yote kuhusu programu, flopi na kibodi yalikuwa yamekwisha kujibiwa: hayahusiki.

Pawasaplai ya IBM PC ilitoa wati 63.5 tu. Ilipohisi shoti mahali popote ilijizima ili isiungue. Chanzo cha kawaida, hasa mashine zilipozeeka, kilikuwa kapasita ndogo za tantalamu, zenye umbo la tone, kwenye njia ya volti 12. Kapasita moja ikipiga shoti, iwe kwenye bodi mama au kwenye kadi yoyote, mashine nzima ilikuwa maiti.

Hapo fundi mgeni aliingia mtegoni. Alichomoa pawasaplai, akaiweka mezani peke yake, akaiwasha. Feni haikuzunguka. Akahitimisha kwamba imekufa. Lakini pawasaplai za aina ile zilihitaji mzigo ili zifanye kazi. Zikikosa kitu cha kulisha, hujizima pia. Fundi alikuwa amekihukumu kitu kizima kwa kipimo kibaya. Njia ya uhakika ilikuwa kuiacha pawasaplai mahali pake, kuzima umeme, kuchomoa kadi zote na nyaya za draivu, kisha kuwasha tena. Feni ikizunguka sasa, shoti iko katika kimojawapo cha vilivyochomolewa. Virudishwe kimoja kimoja, umeme ukizimwa kila mara, mpaka mashine inyamaze tena. Cha mwisho kurudishwa ndicho chenye kosa. Isipozunguka, mtu huanza kupima bodi mama na pawasaplai, na hakuna haja ya kubughudhi kingine.

Draivu mbili, waya mmoja

Flopi za inchi tano na robo zilileta maswali ya aina nyingine, kwa sababu ndani yake vilikutana vitu vinne: diski, draivu, waya na kadi inayoviendesha. Kosa la 601, au ujumbe wa kwamba diski haisomeki, lingeweza kutoka kwenye chochote kati ya hivyo.

IBM ilifanya jambo la busara kwenye waya. Nyaya saba katikati ya utepe zilipinduliwa kabla ya kufika kwenye kiungio cha mwisho. Kwa kupinduliwa huko, draivu mbili zilizopangwa kwa namna moja ziliweza kutambuliwa tofauti: iliyo mwisho wa waya ilikuwa A, iliyo katikati ilikuwa B. Fundi aliyekutwa na draivu A isiyosoma hakuhitaji kifaa cha thamani. Alibadilishana nafasi za draivu mbili, akikumbuka kuhamisha kile kipande cha rezista kinachofunga mwisho wa waya, akajaribu tena. Kama kosa limehama na draivu na sasa liko B, draivu ndiyo mbovu. Kama limebaki A, draivu haina hatia; tafuta kwenye waya au kadi. Jaribio moja, majibu mawili, na kila jibu linafuta nusu ya shaka.

Palikuwa na kesi ambamo kila kitu kilikuwa kizima na bado kazi haikuwezekana. Modeli ya AT ya mwaka 1984 ilikuja na draivu ya megabaiti 1.2, ambayo kichwa chake kiliandika mstari mwembamba kuliko draivu za zamani za kilobaiti 360. Iliweza kuzisoma diski za zamani. Ilipoziandika upya, mstari wake mwembamba ulikaa juu ya mstari mpana wa zamani bila kuufuta wote. Draivu ya zamani iliporudishiwa diski hiyo ilisikia sauti mbili kwa pamoja, mpya na ya kale, ikashindwa kuelewa. Watu walibadilisha draivu mbili nzima kwa sababu ya jambo hilo. Dawa ilikuwa kutumia diski isiyowahi kuandikwa, ikaandaliwa na kuandikwa kwenye AT peke yake, au kuiandika kwenye draivu ya zamani tangu mwanzo. Waliolitambua mapema ni wale waliouliza swali rahisi: diski hii iliandikwa mara ya mwisho kwenye mashine ipi?

Programu nazo zina vifundo

Kutofautisha ubovu wa mashine na ubovu wa programu kulikuwa na njia moja iliyotumika kila mahali: kuwasha kompyuta kwa flopi safi ya mfumo wa uendeshaji wa DOS, isiyo na kingine chochote. Tatizo likitoweka, lipo kwenye programu zinazopakiwa mwanzoni. Likibaki, mashine inastahili kufunguliwa.

Kuanzia DOS 2.0 ya mwaka 1983, programu zilizopakiwa mwanzoni ziliorodheshwa kwenye mafaili mawili, CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT. Kila mstari ulileta kitu: kiendeshi cha kipanya, saa, kalenda, kibodi ya lugha nyingine. Nyingi zilikaa kwenye kumbukumbu na kuvizia vitufe vya kibodi. Sidekick ya kampuni ya Borland, iliyotoka mwaka 1984, ilikuwa maarufu sana, nayo ilidai kupakiwa ya mwisho. Ikifuatwa na nyingine, kompyuta iliweza kuganda. Fundi aliyekutana na mistari 16 hakuitoa mmoja mmoja. Alizima minane, akawasha. Kosa likiendelea, liko kwenye minane iliyobaki. Akazima minne kati ya hiyo. Kwa kuwasha mara nne alikuwa ameufikia mstari mmoja.

Migongano ya kadi ilikuwa jamaa wa karibu. Kadi iliyotaka kusikilizwa na kichakataji ilipiga hodi kupitia njia maalumu, nazo zilikuwa nane tu katika PC ya kwanza. Bandari ya kwanza ya mawasiliano na ya tatu zilishirikiana njia namba 4. Aliyekuwa na kipanya kwenye ya kwanza na modemu kwenye ya tatu aliona ajabu: kila kimoja kilifanya kazi peke yake, lakini modemu ikipiga simu, kipanya kiliganda. Hakuna kilichokuwa kibovu. Watu wawili walikuwa wanabisha mlango mmoja. Kuhamisha jampa ndogo kwenye kadi kulimaliza ugomvi.

Mwaka 1986 ulileta jaribu jipya kwa ile flopi safi. Kirusi kiitwacho Brain, kilichoandikwa Lahore, Pakistan, na ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, kilikaa kwenye sehemu ya kwanza kabisa ya flopi za kilobaiti 360, sehemu inayosomwa kompyuta inapowaka. Kikiwa kimeshaingia kwenye kumbukumbu, mtu aliyetaka kuikagua sehemu ile alionyeshwa nakala ya ile halisi iliyofichwa kwingine. Mkaguzi alitazama, akaona safi, akaondoka. Alikuwa amemtuma mshtakiwa amletee ushahidi. Njia pekee ilikuwa kuzima mashine kabisa na kuiwasha kwa flopi ambayo haijawahi kuandikika, yaani iliyozibwa pengo lake la ubavuni kwa kibandiko. Kanuni ya BIOS ya 1981 ilikuwa imerudi kwa nguvu: anza na unachoweza kukiamini, kisha panda ngazi.

Ubovu unaokuja na kuondoka

Ubovu mgumu kuliko wote ni ule usiotokea fundi anapokuwepo. Katika mashine zile sababu kubwa ilikuwa joto. Chipu zilipopata moto zilitanuka, zilipopoa zikanywea, na kwa miezi mingi ya kuwashwa na kuzimwa zilijisukuma taratibu nje ya soketi. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya fundi mzoefu, akishazima umeme na kufungua kasha, ilikuwa kubonyeza kila chipu ya soketi kwa kidole gumba.

Mfano mchungu zaidi ni Apple III, iliyotangazwa Mei 1980. Haikuwekewa feni, joto lilitarajiwa kutoka kupitia kitako chake cha alumini. Chipu zililegea, na ushauri uliotolewa kwa wateja ulikuwa kuinua kompyuta inchi chache juu ya meza na kuiachia. Mshtuko uliziketisha chipu, na mashine iliamka. Lakini aliyeiona ikiamka hakuwa amejua kwa nini ililala. Chanzo kilibaki pale pale, na ugonjwa ulirudi. Takribani mashine 14,000 za kwanza zilibidi kubadilishwa, na mwaka 1984 Apple III iliondolewa sokoni. Kutengeneza bila kujua chanzo ni kuahirisha tu.

Daftari la fundi

Mashine zile sasa zimo makumbushoni na kwenye stoo za watu wanaozipenda. Lakini kazi niliyoieleza haijazeeka. Simu isiyochaji ina chaja, waya, tundu, betri na bodi, kama vile flopi ilivyokuwa na diski, draivu, waya na kadi. Inverta ya sola inayojizima mchana inaweza kuwa inajilinda na shoti iliyoko kwenye taa ya uani. Programu inayoganda kazini huenda ni nzima, na inagombania njia na nyingine.

Kwa hiyo ninakusihi, msomaji, ufanye mambo manne kabla ya kununua kipuri chochote. Andika kosa kama lilivyoonekana, neno kwa neno, namba kwa namba, na saa lilipotokea. Tafuta kitu kimoja ambacho una hakika ni kizima, uanzie hapo. Chagua jaribio ambalo jibu lake litaondoa nusu ya shaka zako. Na kila jaribio libadilishe kitu kimoja tu, kisha matokeo yaingie daftarini kabla ya jaribio linalofuata. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja huenda akaiponya mashine, lakini hatajua ameiponya kwa lipi, na siku ikiugua tena ataanza upya kama mgeni.